Gazeti Lililorudi kwa Shangazi

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha darasa lile. Nilikuwa nimestaafu ukarani, nashinda nyumbani Harrow, pembezoni mwa London, nikigombana na redio, na yeye akachoka kupigiwa simu kazini aambiwe kwamba mtangazaji kakosea tena. Siku moja alinikuta jikoni nikiijibu taarifa ya habari kwa sauti. Akatoa simu yake, akabonyezabonyeza, akaniambia, "Mum, there's a class at the library, history of newspapers. Go and argue with real people." Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, hata nikimsengenya kwa shoga zangu hakuna kinachompita, lakini kujibu ni Kiingereza tu. Ati nikagombane na watu wa kweli huko maktaba. Nilikwenda kwa hasira, nia yangu ikiwa kumthibitishia kwamba hakuna cha maana huko. Leo nikikaa kuwashukuru watu walionifanyia wema katika mji huu, yeye namtaja mapema.

Darasa lilikuwa la asubuhi, katika maktaba moja ya Kingsbury, chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki na joto la kusinzia. Wengi wetu tulikuwa wastaafu. Kulikuwa na akina mama wa Kigujarati waliozaliwa Nairobi na Kampala, waliokuja na chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga vyenye pilipili, ndani ya makopo ya aiskrimu, na kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Unguja mjini, mwenye duka la kupigisha kopi na kuchapisha kadi za harusi Kingsbury Road. Kiswahili chake ni cha mjini cha zamani, changu mbele yake ni cha juzi. Siku ya kwanza aliponisikia nikisema "salaala" chinichini alinigeukia, akaniuliza mtaa, akaniuliza ukoo, akaridhika, na tangu hapo kiti cha pembeni yake kikawa changu. Mwalimu alikuwa msichana wa Kiingereza, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alichotufundisha ni namna magazeti yalivyoanza Boston, zama hizo Marekani ikiwa bado koloni la nchi hii.

Nilitegemea kusikia habari za mabwana wakubwa na mawigi yao. Badala yake mwalimu alitueleza mji mdogo wenye bandari, matope na makanisa, na watu waliokuwa wakingoja meli ziwaletee habari za kwao London, habari zenyewe zikifika zimeshachacha. Katika mji huo alikuwako mpiga chapa mmoja aliyehama London baada ya kukorofishana na wakubwa. Kule Boston alifungua duka la vitabu na mkahawa wa kahawa, na mwishoni mwa karne ya kumi na saba akatoa gazeti la kwanza la makoloni yale. Lilikuwa karatasi moja tu iliyokunjwa, kurasa nne. Tatu zilijaa maandishi. Ya nne aliiacha nyeupe.

Mwalimu alituuliza kwa nini aliiacha nyeupe. Mtu mmoja akasema habari zilimwishia, mwingine akasema wino. Mzee wa Kihindi, mfanyabiashara kama alivyo, akasema aliiweka kwa ajili ya matangazo. Mwalimu akatikisa kichwa akicheka. Akasema aliiacha kwa makusudi ili anayelinunua gazeti aandike kwa mkono habari zake mwenyewe, kisha ampelekee rafiki yake wa mbali, naye aongeze zake. Nikaweka kalamu chini. Tangu niijue dunia nimesoma magazeti, na sikuwahi kusikia mhariri anayemwambia msomaji kwamba na wewe una la kusema, nafasi yako hii hapa.

Gazeti lile halikufika toleo la pili. Gavana na baraza lake walisema limetoka bila ya kibali, na kwamba lina mambo wasiyopendezwa nayo, wakalifungia. Ikapita miaka mingi mji ule bila ya gazeti, mpaka mkuu wa posta alipoanzisha la kwake. Huyu alikuwa na akili nyingine. Barua za watu wote na magazeti yote ya London yalipitia mikononi mwake, kwa hiyo habari zilimfuata alipo, na juu ya gazeti aliandika kwamba linatoka kwa idhini ya wakubwa. Lilikuwa gazeti la kuchosha. Habari za Ulaya alizichapa kwa mpangilio, haruki hata moja, mpaka akawa nyuma kwa zaidi ya mwaka mzima, na watu wakawa wanasoma vita vilivyokwisha kusahauliwa.

Darasa zima lilimcheka, na mimi nikacheka kuliko wote kwa sababu nilimjua msomaji wa gazeti lile. Nilikuwa mimi. Nilipofika London kijana, gazeti la nyumbani lilikuwa likitufikia limefungiwa papa mkavu ndani ya begi la mtu, na tukilikunjua taratibu lisichanike, tukilianika dirishani harufu ipungue, kisha tukilisoma mpaka vifo vya watu tusiowajua. Hakuna aliyejali kwamba habari ni za msimu uliopita. Kwetu ilikuwa ndiyo leo.

Sitaki kuwapamba watu wa Boston kupita kiasi. Mwalimu alituonesha pia matangazo ya gazeti la yule mkuu wa posta na ya wenziwe waliomfuatia, na humo baina ya tangazo la nyumba na la farasi aliyepotea mlikuwa na watu wanaouzwa, mwanamke na mtoto wake, anayetaka aulizie kwa mpiga chapa. Mzee wa Kihindi akanitazama, nami nikamtazama. Sisi tuliotoka Unguja hatuna ubavu wa kumnyooshea mtu kidole kwa hilo.

Sasa niseme lililokuwa likinila roho miezi ile, nalo ni shangazi yangu. Ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Alikuja London kabla yangu, mkimbizi kama wengi wa wakati wao, akafanya kazi ya kushona na baadaye ya kupika mashuleni. Nilipokuja mimi alinipokea uwanja wa ndege na koti mkononi, akanipa kitanda chake, yeye akalala kwenye sofa msimu mzima wa baridi akidai kwamba mgongo wake unapenda sofa. Sijui mgongo gani unapenda sofa. Kila nilichokipata katika nchi hii, kazi, ndoa, nyumba yenye bustani, nilikipata kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuniambia asubuhi, "Amka, kunywa chai, nenda."

Anakaa Thamesmead, katika flat ya chini, peke yake. Kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo, kwa sababu shoga yake alikuwa akikaa ghorofa ya juu na kila asubuhi akishuka kumgongea. Kisha huyo shoga akachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Leicester, na mlango wa shangazi ukanyamaza. Akapunguza kutoka. Akapunguza kula, kwani yeye hajui kula peke yake, anaona ni uchoyo. Siku moja akateleza bafuni, akakaa chini tangu baada ya swala ya adhuhuri mpaka nilipompigia simu jioni, hapokei, nikafunga safari kutoka Harrow mguu mmoja ndani ya treni, mwingine nje. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini hospitali waliwaarifu council, halmashauri ya mtaa, na council wakamtuma social worker, ofisa wa ustawi wa jamii.

Alikuwa mama mpole, mwenye asili ya Nigeria, aliyevua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, na kwa hilo tu shangazi akamvumilia. Aliniweka kando akanieleza jambo lilivyo. Kuanguka si tatizo, alisema, wazee wote huanguka. Tatizo ni kwamba hapana mtu wa kujua. Wahudumu walioletwa na council shangazi aliwarudisha, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa viatu, wengine kwa sababu walimwita kwa jina lake kavu kama mtoto. Nyumbani kwangu hataki, na choo changu kiko juu na ngazi zangu ni za kuvunjia watu shingo. Kama haitapatikana njia ya watu kumwona kila siku, itabidi shangazi ahamie care home, nyumba ya kutunzia wazee, na yenye nafasi ilikuwa Kent, karibu na bahari. Yeye social worker atarudi kufanya assessment, kumpima hali yake, majira ya kuchipua, ndipo litakatwa shauri.

"Mie siendi kufa Kent," shangazi alisema yule mama alipoondoka. "Nani atanijua huko? Nitamwambia nani nakwenda kusali?"

Nilijitahidi. Nilikuwa nikienda kila nilipoweza, treni ya Metropolitan mpaka mjini, kisha nyingine mpaka Abbey Wood, kisha basi. Lakini kutoka Harrow mpaka Thamesmead ni kuikata London nzima, na mimi si kijana tena. Siku nisizokwenda nilikaa na roho mkononi mpaka asikie simu na apokee. Niliogopa kumpoteza, na zaidi niliogopa kumpoteza akiwa bado hai, amekaa dirishani mahali ambapo hakuna anayejua kwamba chai yake ni ya tangawizi.

Ndipo mwalimu akatupa kazi ya kumalizia darasa. Kila mmoja atengeneze gazeti kama la yule mpiga chapa wa kwanza, kurasa tatu za habari za mtaa, ya nne nyeupe, alisambaze, kisha alete darasani lililorudi na tuone watu wameandika nini. Sikufikiri mara mbili. Nilimpigia shangazi nikamwambia nataka anipe habari za Thamesmead.

"Za nini? Watu wana simu."

"Wewe simu yako huisomi."

"Sisomi kwa kuwa wananitumia video za paka."

Nilimwacha akanung'unika mpaka akachoka. Nilimjua. Nilipokwenda kwake mwisho wa wiki nilimkuta amevaa miwani yake, tayari. Habari alizokuwa nazo zilikuwa za zamani kidogo, za enzi za shoga yake, lakini alizitoa kwa mpangilio, haruki hata moja: nani kajifungua, nani kahama, lift ya jengo la pili imeharibika tena, nani karudi Pemba kujenga, duka gani sasa linauza mbaazi za nazi za kopo zisizoliwa. Niliandika zote. Nikamwambia habari nyingine zimechacha. Akasema wapo wasiozisikia.

Mzee wa Kihindi alilichapa dukani kwake, kwa herufi kubwa ili wazee wasome, akalikunja vizuri, na nilipofungua pochi akanitazama kama nimemtukana. "Bibi, hili gazeti la kwetu," alisema. "Weka pochi yako." Tena akanikumbusha jambo nililolisahau. Magazeti ya zamani yaliandika chini mahali yalipochapwa na yanapopatikana, ili mtu ajue pa kuulizia. Basi tukaandika chini kabisa jengo na mlango wa shangazi. Niliona ni pambo tu, la kumfurahisha mwalimu.

Jumapili nikazibeba nakala mpaka Thamesmead, kwenye ukumbi ambako akina mama wa Kizanzibari na Kipemba hukutana kusoma hitima na kunywa chai. Nikasimama nikawaeleza vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwa ajili ya mabinti. Ukurasa wa mwisho andika habari yako. Ukimaliza mpe mwingine, jirani, rafiki, hata wa mji mwingine, naye aandike, ampe mwingine. Wakaitikia wote, "Naam, tumefahamu." Nikarudi Harrow nimejaa raha.

Baada ya siku chache shangazi alinipigia simu, sauti juu.

"Umenifanyia nini wewe mtoto?"

"Kuna nini, Shangazi?"

"Watu wananigongea mlango. Kaja yule mama wa Kipemba wa ng'ambo ya barabara, ambaye hata simjui vizuri, na karatasi yako mkononi na sahani ya vitumbua. Nikamwambia ingia. Ningefanyaje? Kaingia, kakaa, kanisomea alichoandika. Kanywa chai. Kaondoka, kaja mwingine."

"Na karatasi?"

"Wamenirejeshea."

Nilikasirika, nisifiche. Nilikuwa nimeeleza wazi. Gazeti liende mbele, kutoka mtu hadi mtu, kama la Boston, lizunguke mpaka ukurasa ujae mikono ya watu mbalimbali. Hawa wameandika sentensi mbili tatu na kulirudisha lilikotoka. Jumapili iliyofuata nilisimama tena ukumbini kama mwalimu wa chuoni nikawaambia jamani, hamkunifahamu. Lile si la kurejesha.

Yule mama wa Kipemba alinitazama kwa upole mwingi, upole ule wa kumwonea mtu huruma. "Mwenzetu," aliniambia, "kitu cha mtu kina mlango wake, umeuandika mwenyewe chini pale. Tukampe nani tena kitu si chetu? Tena umetuachia pahala patupu tupajaze. Kikisha kujaa si kinarudi kwa mwenyewe?"

"Ni gazeti," nikasema, "si sahani."

"Aa, sahani, gazeti," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Msomaji asiyelelewa kwetu ataniwia radhi nimweleze. Jirani akikuletea futari, sahani yake huirejeshi tupu. Unaiosha, unatia ulichonacho hata kama ni kachori mbili, unaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake, na ukifika unaambiwa karibu na unakaa kidogo. Hivyo ndivyo nyumba zinavyojuana hali. Akina mama wale hawajapata kuona karatasi yenye ukurasa mtupu ikiletwa kwao kwa heshima. Walichokiona ni chombo cha mtu, na mtu huyo anakaa mtaa wa pili. Wakakijaza, wakakirejesha. Na kwa kuwa hapana anayekwenda kwa mkubwa mikono mitupu, juu ya gazeti wakaweka mkate wa kumimina, bajia, na mmoja, Mungu amzidishie, alileta bokoboko kwenye sufuria iliyofungwa na kanga.

Nilirudi nyumbani bado nimenuna. Kazi yangu ya darasa imeharibika, nilimwambia binti yangu. Yeye alikuwa akila tambi zake kwenye sofa. Akaniuliza, bila ya kuinua macho, "So people are going to Bibi's house every day?"

Kumbe ni kweli, watu walikuwa wakienda kwa Bibi yake, kwa shangazi, kila siku. Kisha nikaingia jikoni nikafunga mlango, nikalia kwa sauti ya chini. Miezi yote ile nilikuwa nikitafuta mtu wa kumgongea shangazi mlango, na walipoanza kugonga nikasimama ukumbini kuwakataza.

Sikungoja. Asubuhi nilikuwa dukani kwa mzee wa Kihindi kumwambia tunatoa toleo la pili. Yeye aliposikia kisa kizima hakushangaa hata kidogo. "Wewe ulisahau watu wako," alinitania. "Mimi mama yangu alikuwa akituma laddu, vile vitamu vyetu vya mviringo, kwa jirani, na sahani ikirudi na visheti. Umetoka lini Unguja wewe?" Akawasha mashine. Nilimshukuru pale pale, na namshukuru tena hapa, kwa sababu tangu siku ile hakuwahi kuniuliza tena kama kuna toleo jingine. Anauliza tu linatakiwa lini.

Ikawa desturi. Gazeti linatoka, linafika ukumbini, linarudi kwa shangazi kwa zamu ambazo hapana aliyezipanga. Habari zilizoandikwa ukurasa wa nne ndizo zinazoingia kurasa tatu za mbele za toleo linalofuata, kwa hiyo shangazi akawa kama mkuu wa posta wa Boston, kila jambo linapitia mikononi mwake. Akaanza kuamka mapema kufagia. Akatoa vikombe vya harusi yake vilivyokaa kabatini tangu nilipokuwa msichana. Akaanza kula, maana mgeni hali peke yake. Mabinti waliotumwa na mama zao walikuja na Kiingereza chao, yeye akawajibu kwa Kiswahili, na wote wakatoka wameelewana.

Na ukali nao ukarudi. Mtu mmoja aliandika kwamba binti wa fulani kaposwa, na mama wa binti alikuwa bado hajawaambia hata ndugu. Gazeti lilikuwa tayari kwenda kuchapwa. Shangazi akalizuia. Akatoa amri kwamba kuanzia leo habari ya mtu haitoki mpaka mwenyewe aidhinishe, na anayeidhinisha ni yeye.

"Umeshakuwa gavana," nikamwambia.

"Huyo gavana wako alikuwa na makosa yake," akasema, maana kisa cha Boston nilikuwa nimeshamhadithia, "lakini si kila alilolisema."

Darasani nilipeleka kurasa zangu za nne, zote zimejaa, nyingine zimebandikwa vipande vya karatasi pembeni kwa kukosa nafasi, nyingine zina alama ya mafuta. Mwalimu akatuonesha kwenye skrini picha ya gazeti lile la kwanza la Boston. Nakala pekee inayojulikana imo humu humu London, kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali. Ukurasa wake wa mwisho ni mweupe mpaka leo. Nilimwonea huruma mpiga chapa yule. Aliwaachia watu nafasi, na wakubwa hawakuwapa watu wake muda wa kuijaza.

Majira ya kuchipua yakafika, na social worker akafika nayo. Nilikwenda alfajiri. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, nimepanga nianze na lipi nimalizie na lipi, nikawa nairudia kimoyomoyo tangu Abbey Wood. Nilimwomba shangazi jambo moja tu: awe mwepesi, aseme maneno mazuri. Akasema yeye siku zote husema maneno mazuri.

Social worker alikaa, akanywa chai, akauliza polepole, nami nikawa natafsiri. Anapika mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Dawa anakumbuka? Hayo yalikwenda salama. Kisha akauliza lile lililotuleta pale. "Ask her, if she fell today, who would know?"

Nikatafsiri: akianguka leo, nani atajua? Shangazi akavuta pumzi kama mtu aliyengoja kuulizwa.

"Mwambie," alisema, "mie nimechoka. Watu wa hapa hawanipi nafasi ya kupumzika. Asubuhi huyu, sijamaliza kusali dhuha yule. Nikichelewa kufungua wanapiga simu. Nikichelewa simu wanamwendea caretaker, yule mtunza jengo, achukue ufunguo. Juzi nimelala kidogo tu mchana, nimeamka nawakuta watatu dirishani wanachungulia. Huu si uungwana. Mwambie awaambie wapunguze."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwomba maneno mazuri, na yeye anawashitaki watu waliokuwa wakimwokoa. Nikafikiri nipunguze makali, nitie sukari kidogo. Lakini alikuwa akinikodolea macho, na Kiingereza anakijua vya kutosha kunikamata. Nikatafsiri neno kwa neno, na huku natafsiri nikamwona yule mama ameacha kuandika. Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani kaudhika. Alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Tell her I can't make them stop," alisema alipopata sauti; kuwazuia hawezi. Akaniambia kwamba kazi yake kubwa siku zote ni kuwatafutia wazee watu wawili watatu wa kuwatazama, na kwamba hajapata kumwona anayelalamika kwamba wamezidi. Akauliza walianzaje kuja. Nikamwonesha gazeti. Aliligeuza, akausoma mlango ulioandikwa chini, akafungua ukurasa wa nne akautazama kwa muda, ingawa hakujua hata neno moja lililoandikwa pale.

Wiki ile ile ilikuja simu. Shangazi atabaki kwake. Watamtembelea mara kwa mara kumtazama, na wamemtilia vyuma vya kushikia bafuni. Nikampasha habari. Alikaa kitako, akaifunika miguu yake kwa kanga, akasema, "Basi. Nitakufa kwangu, Mungu akipenda, tena si leo." Kisha akaniuliza kama toleo la wiki ijayo limeshakwenda kwa Mhindi.

Juzi nilikwenda bila ya kumwarifu. Nilikuwa nimembebea samaki wa kupaka na nilitaka tukae wawili kama zamani, nimweleze mambo ya binti yangu. Nilibisha hodi, akanifungulia msichana nisiyemjua, akaniambia kwa Kiingereza nivue viatu. Sebule ilikuwa imejaa. Shangazi alikuwa katikati, miwani puani, anasoma kwa sauti na kumsahihisha mtu, na aliponiona alininyooshea mkono nisubiri amalize. Kila kiti kilikuwa na mtu, na sofa, na kigoda cha jikoni. Nikaweka samaki wangu pamoja na sahani nyingine, nikakaa chini ukutani karibu na friji, nimekunja miguu, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo kwa kukosa pa kukaa.